Visahani vya Rafu ya Juu

Jumatatu, 3 Machi

Zimepotea tena! Seli zangu. Nimewasha kompyuta kabla hata sijaweka mkoba chini, nikatazama video — vurugu tupu. Hii inakwenda kushoto, ile inarudi ilikotoka, nyingine imeganda pale pale inapapasa. Na hakuna anayeshangaa isipokuwa mimi.

Jana Mama aliniuliza kwa mara ya mia kazi yangu ni nini hasa. Nikamweleza tena. Ubongo wa mtoto aliye tumboni haujengwi pale pale unapokaa. Seli zinazaliwa ndani kabisa, halafu zinapanda zenyewe kwenda juu, kila moja mahali pake. Zilizozaliwa mwisho zinazipita zilizotangulia na kukaa juu zaidi. Mama akasema hizo za mwisho hazina adabu. Sasa nani anazionyesha njia? Protini, nikamwambia. Kuna zinazovuta na kuna zinazofukuza. Pale maabara tumezipa majina ya nyumbani: Njoo na Toka. Seli inanyoosha kidole chake mbele, inaonja. Ikikuta Njoo imezidi upande huu, inajikokota kuja upande huu. Mama akasema, kama mtoto na harufu ya vitunguu jikoni. Barabara kabisa! Ningekuwa na wanafunzi wenye akili kama Mama ningelala usingizi.

Basi mimi nakata kijipande chembamba cha ubongo wa panya ambaye hajazaliwa, nakilaza kwenye jeli laini ndani ya kisahani, pembeni naweka ushanga mdogo uliolowekwa kwenye Njoo. Ile protini inatoka kwenye ushanga polepole — nyingi karibu, chache mbali. Visahani vinaingia inkubeta, vinakaa kwenye joto siku mbili, ndipo navitoa kuvipiga video. Seli zinatakiwa ziufuate ushanga. Zikiufuata, mradi wetu unaongezewa muda. Zisipoufuata, sote tutarudi nyumbani kukaa na mama zetu. Mimi tayari nakaa na wangu.

Zamani zilikuwa zinaufuata! Vizuri tu! Hadi Kimya alipohamia kwenye inkubeta yangu.

Kimya ni mwenzangu wa meza. Jina nimempa mimi. Msichana mrefu kama nguzo ya umeme, ana miezi michache kazini, husema neno moja asubuhi na moja jioni. Yeye anashughulika na Toka. Mwezi jana Bosi alisema tushirikiane inkubeta moja, kwa vile ya pili imekufa. Yeye rafu ya kati, mimi rafu ya juu. Ya juu niliichagua mwenyewe, kwa haki ya ukubwa kazini, ingawa lazima nipande kigoda ili niifikie. Ufupi si ugonjwa.

Na tangu siku aliyohamia, seli zangu zinapotea. Zake — zinautoroka ushanga wa Toka kwa heshima zote, kama zilivyoagizwa. Zake salama, zangu vurugu. Mlango mmoja, joto moja. Mtu afikirie nini?

Si uzembe wangu. Hakuna mtu katika jengo hili anayevitunza visahani vyake kama mimi. Tangu Kimya aingie, kila mchana wenzangu wakienda kula, mimi nabaki. Navitoa kimoja kimoja, nakiinua kwenye mwanga wa dirisha, nakiinamisha kidogo nione kama ushanga uko mahali pake, nakirudisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Mimi daftari langu ni macho.

Jumatano, 5 Machi

Leo Kimya ameingia kazini kabla yangu. Tena! Nimemkuta ameshavaa koti jeupe, amesimama mbele ya inkubeta. Mikono mitupu. Nikamwuliza, mbona mapema? Akasema, usingizi uliisha, dada. Usingizi uliisha! Kwani usingizi ni sukari?

Baadaye nilipita nyuma ya kiti chake kuchukua glovu. Akafunga dirisha la kompyuta haraka. Lakini mimi nilishaona. Ilikuwa video. Na ile pembe ya juu, yenye kovu la lenzi ya kamera yangu — ile ni video yangu.

Anatazama video zangu za nini?

Nimemwuliza tu kama glovu za saizi ndogo zimeisha. Akasema zipo.

Mchana Bosi alimwita ofisini. Yeye peke yake. Alipotoka alikuwa ameshika peni ya Bosi, akairudisha mbio. Nini alikuwa anaandika humo?

Alhamisi, 6 Machi

Mama na vita vyake vya jikoni. Tunachangia jiko na mpangaji wa chumba cha pili, na Mama anaamini mama yule anachota mafuta yetu. Leo nimemkuta amechora mstari kwa kalamu kwenye chupa, pale mafuta yalipoishia. Amechora vizuri, kama anayepima dawa. Nikacheka. Akanigeukia: cheka wewe, msomi! Huko kwako wanakuibia mchana kweupe na huna hata mstari.

Nikamweleza habari za Kimya. Mama akaacha kukoroga. Akasema maneno mawili tu. Kwanza, kimya kingi kina mshindo mkuu. Pili, kikulacho ki nguoni mwako. Halafu akaendelea kukoroga kama aliyemaliza kesi.

Nimewaza usiku mzima kuhusu mstari wa Mama. Mzee ana akili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeweka mtego. Kila kisahani changu kipya nimekichora nukta ya wino ubavuni, na zote nimezielekeza mlangoni. Juu ya vifuniko nimelaza vipande vya uzi mweupe, vyembamba, huwezi kuviona kama hujui. Mtu akigusa, uzi unaanguka. Akigeuza, nukta inahama.

Mchana nikakagua. Nyuzi zipo. Nukta zipo. Nikainua kila kimoja kwenye mwanga, nikahesabu shanga, nikavirudisha, nikalaza nyuzi upya. Vile vya nyuma kabisa siviwezi hata nikiwa juu ya kigoda, hivyo nimevichungulia kwa mbali tu. Kazi imenichosha mgongo lakini roho imetulia.

Nilipokuwa nashuka, Kimya alikuwa mlangoni na chupa yake ya maji. Sijui alisimama pale tangu lini. Ametazama kigoda, ametazama kisahani mkononi mwangu. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaenda zake.

Mwenye hatia hujiumauma.

Jumatatu, 10 Machi

Nyuzi mbili zimeanguka! MBILI! Moja iko kwenye trei, nyingine siioni kabisa. Nikashuka kwenye kigoda kuitafuta sakafuni.

Na video za visahani vya Ijumaa ndiyo mbaya kuliko zote. Seli zinaanza safari vizuri, kidole mbele, mwili nyuma — halafu ghafla zinasimama. Zinapapasa huku na huku kama zimesahau zilikuwa zinakwenda wapi. Baadaye zinapata tena njia kidogo, halafu zinasimama tena. Anayefanya hivi anajua kazi. Hamwagi kisahani. Hatoi ushanga. Anaisumbua ile Njoo tu, inachanganyika kila mahali, seli zinasikia "njoo" kutoka pande zote. Mtu akiitwa na pande zote aende wapi?

Ni ukatili wa kisomi.

Jumanne, 11 Machi

Leo kuna karatasi kwenye mlango wa inkubeta. Imebandikwa kwa utepe, mwandiko wa Kimya, herufi za duara kama za mwalimu wa chekechea: "Wapendwa, tunakumbushana kwa upendo. Kisahani kikishaingia, kinalala. Tusikiamshe."

Wapendwa! Wapendwa gani? Tunaotumia inkubeta hii ni wawili!

Na maneno yenyewe ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha siku yake ya kwanza: kisahani kikishaingia, kinalala. Sasa ananirudishia kwa upendo. Anataka nini? Anataka nisikague! Mwizi akikwambia usihesabu mbuzi wako, ujue kuna mbuzi kashaliwa.

Nimekagua mara mbili leo. Mchana na kabla ya kutoka. Kwa makusudi, na yeye akiwepo. Amegeuza uso akajifanya anaosha pipeti.

Jumatano, 12 Machi

Nimesikia! Kwa masikio yangu mwenyewe.

Nilikuwa chooni, yeye yuko koridoni anaongea na simu kwa sauti ya chini. Alisema hajamwambia dada bado, ataumia. Akasema, njoo akiwa hayupo. Tafadhali, usimwambie mtu. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha huzuni, akasema asante sana kaka.

Njoo akiwa hayupo!

Nimekaa chooni hadi miguu ikafa ganzi. Kwa hiyo wako wawili. Kaka gani? Kutoka maabara ya juu? Wale wanaogombania fedha zile zile na sisi? Kila kitu sasa kinaeleweka. Anaingia mapema. Anatazama video zangu kuona kama kazi yake imefanikiwa. Anamweka mtu wa kuja nikiwa sipo.

Na mimi nilimnunulia chai wiki ya kwanza, nikamwonyesha ni bomba gani lina maji ya moto.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa Bosi, niliporudi benki mchana.

Sikutaka kulia na sikulia. Nimemweleza yote kwa mpangilio: tarehe aliyohamia, video aliyoificha, nyuzi, karatasi, simu. Bosi alisikiliza huku anabonyeza kifuniko cha peni. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kama ninavyomwona yeye. Akauliza kama nimeongea na Kimya mwenyewe. Nikasema mwizi haulizwi.

Akakohoa. Bosi akikohoa hivyo ujue jambo limekuwa kubwa. Akasema tuhuma ya kuharibu majaribio haimalizwi kwa chai. Lazima iende kwenye kamati ya nidhamu, na ikithibitika binti yule hatafanya kazi tena katika maabara yoyote — hakuna atakayempokea. Akarudia: yoyote. Akaniangalia kama anayenipa nafasi ya kusema neno lingine.

Nikasema sawa.

Nimetoka pale mwepesi! Nimetembea hadi nyumbani badala ya kupanda gari. Mama akasema, umeona? Nikasema nimeona.

Ijumaa, 14 Machi

Wamemzuia Kimya kuingia maabara hadi kamati ikae, Ijumaa ijayo. Bosi alimwambia mbele yangu. Sikujua nitazame wapi, nikatazama sinki.

Hakujitetea! Hata neno! Aliweka ufunguo wake mezani. Akaosha kikombe chake, akakikausha, akakiweka kwenye mfuko. Akachukua ile sweta inayokaa nyuma ya kiti. Halafu akanijia, akasimama karibu sana, nikaona macho yana maji. Akasema, dada, kama nimekukosea popote, unisamehe.

Asiye na kosa anaomba msamaha wa nini?

Nimeandaa visahani vipya mchana. Vingi, hadi nyuma ya rafu. Vya nyuma nilimwomba mlinzi wa zamu anisogezee, ana mikono mirefu. Sasa rafu ni zangu zote lakini nimebaki na ya juu. Mazoea. Kesho na keshokutwa nitakuja kuvikagua, hata kama ni mwisho wa wiki. Kisahani ni kama mtoto mchanga, huwezi kumwacha.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kukagua. Kila kitu sawa. Kumekuwa kimya mno mle ndani. Inkubeta inanguruma peke yake. Ile karatasi ya "Wapendwa" bado ipo, sijaibandua. Sijui kwa nini.

Mama ana mpya: mpangaji wa pili amesafiri tangu Alhamisi, mlango umefungwa kwa kufuli, na mafuta yamepungua chini ya mstari. Nikamwambia basi si yeye, Mama. Akaniangalia kwa huruma kubwa. Akasema, mwanangu, kwani hujui kuwa watu wanaweza kurudi kimyakimya?

Jumatatu, 17 Machi

Haiwezekani.

Zimepotea tena. Visahani vya Ijumaa! Vilivyoingia wakati Kimya ameshatoka! Vile vile — zinaanza, zinasimama, zinapapasa.

Amechonga ufunguo mwingine. Ndiyo. Au ni yule kaka wa kwenye simu. Nimemwambia Bosi abadilishe kitasa. Bosi amekohoa. Akasema badala ya kitasa, kamati inataka ushahidi wote: nipige video visahani VYOTE, vya mbele na vya nyuma, si vile sita ninavyochagua kila mara. Eti ninachagua! Navichukua vya mbele kwa sababu navifikia, basi.

Sawa. Hata mia nitapiga. Nimewaka kama jiko.

Jumanne, 18 Machi

Naandika chooni. Sina mahali pengine.

Nimepiga video zote. Za mbele — vurugu. Za katikati — vurugu kidogo. Za nyuma —

Za nyuma zinakwenda! Moja kwa moja! Kila seli kidole mbele, mwili nyuma, hatua, pumziko, hatua, hadi kwenye ushanga. Zimejipanga pale kama watu kwenye dirisha la tiketi. Sijaona kitu kizuri hivyo tangu Januari. Nimeita mle ndani "njoo mama, njoo!" peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu nikaanza kufikiri. Inkubeta ile ile. Rafu ile ile. Njoo ile ile, imetoka chupa moja, nimeloweka shanga zote pamoja. Kwa nini za nyuma zimepona?

Kwa sababu anayeharibu hakugusa vya nyuma.

Kwa nini hakugusa? Ana haraka, nikasema. Ni mvivu. Anaogopa. Nimezunguka meza nikisema hivi kwa sauti. Kimya angefika nyuma bila hata kunyoosha bega. Yule angeweza kugusa ukuta wa nyuma na kiwiko. Kaka wa kwenye simu, simjui, labda mfupi? Labda ni mfupi sana?

Nikapanda kigoda nichungulie mkono wa mtu mfupi unaishia wapi.

Unaishia pale pale. Pale seli zinapoanza kwenda.

Nimekaa juu ya kigoda muda. Nukta za wino zote zinanitazama. Nani anaviinua kwenye mwanga kila mchana? Nani anaviinamisha "kidogo"? Nani alizilaza nyuzi upya kwa haraka, mbili zikateleza zenyewe? Ile Njoo imejipanga kwa subira, tone kwa tone, nyingi karibu, chache mbali — na mtu anakuja na mkono wake wa upendo, anainua, anatikisa, anarudisha. Kesho tena. Jumamosi. Jumapili. Vile ninavyovipenda zaidi, vya mbele, ndivyo vilivyokufa zaidi.

Si kweli. Ngoja. Labda ni joto la mlango. Vya mbele viko karibu na mlango. Inawezekana.

Nitaandaa vingine jioni hii, mbele na nyuma, na sitavigusa. Sitavigusa! Nisamehe Mungu, mkono wenyewe tayari unawasha.

Jumatano, 19 Machi

Fundi wa mashine amekuja. Mwanamume mnene, mpole, anavua viatu mlangoni ingawa hatujamwambia. Nikamwomba apime joto la mlango. Akapima mbele, akapima nyuma. Joto moja. Hewa moja. Akasema inkubeta yenu ni nzima kuliko mimi, dada.

Halafu akasema, hata yule mwenzako mrefu nilimwambia hivyo hivyo. Yule binti alinipigia mara nyingi, alikuwa na shaka yake, lakini alitaka kwanza ahakikishe si mashine inayoharibu seli za dada yake. Nilikuja mara moja mchana, siku ulipokwenda benki. Aliniomba nisiseme, alisema ukijua anapima mashine kwa ajili yako utaona anakufundisha kazi. Yuko wapi leo?

Nikasema ana ruhusa.

Fundi akavaa viatu. Nikatamani akae hata dakika tano zaidi, aongee chochote, hali ya hewa, mpira.

Kwa hiyo huyo ndiye kaka. "Njoo akiwa hayupo." Na alizitazama video zangu kwa sababu alikuwa anatafuta ugonjwa. Alipoanza kuushuku, hakunisema kwa Bosi. Alibandika karatasi na kuandika "Wapendwa", ili mtu mmoja aone bila kuaibika. Na mimi nikakagua mara mbili mbele ya macho yake.

Sijagusa visahani. Mchana nimekwenda kula na wenzangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Wakasogea kunipa nafasi lakini wakaacha kuongea. Wote wanajua mimi ndiye niliyemshtaki.

Alhamisi, 20 Machi

Zote zimekwenda. Mbele, katikati, nyuma. Zote.

Nimelia mbele ya skrini. Si kwa furaha, ingawa mradi umepona na jaribio limefanikiwa na Bosi atapiga makofi. Nimelia kwa sababu seli hazikuwa na kosa, Njoo haikuwa na kosa, na yule binti hakuwa na kosa.

Ningeweza kwenda kwa Bosi saa ile ile. Nilifika mlangoni. Alikuwa na wageni — basi nikarudi. Wageni walipotoka nikawa na pipeti za kuosha. Nikaanza ujumbe kwenye simu: "Profesa, kuna jambo nimeligundua." Nikafuta. "Profesa, huenda nilikosea." Nikafuta. Huenda! Nimempigia Kimya. Simu imeita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Imezimwa.

Maana hebu tuseme ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nikisema, ni mimi ninayekwenda. Nimepoteza fedha za mradi, nimemsingizia mtu, na nimevunja sheria ambayo nilimfundisha yeye. Umri huu nianzie wapi? Nani atamlisha Mama? Na Bosi — nina hakika gani kuwa Bosi hakujua tangu mwanzo? Kwa nini aliniambia nipige vyote? Labda ananitega. Labda wote wanajua na wananisubiri niseme mwenyewe.

Nimemwambia Mama nusu ya habari. Akasema, binti huyo ana mama? Nikasema sijui. Kweli sijui. Miezi yote hiyo meza moja, sijawahi kumwuliza.

Akasema, kesho useme. Halafu, akiwa mlangoni, akasema, lakini kwanza usikie wao wanasemaje.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Shajara nimeiweka juu ya faili ili ionekane naandika mambo ya kazi.

Nimeamua. Nimeamua tangu alfajiri, nimejirudia njiani: mimi ndiye niliyeziharibu, kwa mkono wangu, naomba binti arudishwe. Sentensi moja. Haina hata mkunjo. Kwenye faili nimebeba video za jana, mbele na nyuma.

Kimya alikuja amevaa gauni la heshima, lina pasi hadi kwenye kola. Amekonda. Alinisalimu, "shikamoo dada," kama siku zote, na akakaa benchi hilo hilo, si la pili. Nikasema marahaba. Nilitaka kusema palepale. Nilikuwa na sentensi mdomoni! Nikageuka, nikasema, sikiliza mdogo wangu — mlango ukafunguliwa. Wakamwita yeye kwanza.

Kwa nini yeye kwanza? Bosi alisema mlalamikaji ndiye anayeanza.

Amekuwa ndani muda mrefu. Sauti zinasikika lakini maneno hapana. Mara moja nimemsikia mwenyekiti akiuliza kitu kwa sauti ya mshangao. Kuna mtu amesogeza kiti.

Sentensi yangu bado ninayo. Mimi ndiye niliyeziharibu.

Ametoka.

Hakulia. Amepita mbele yangu, akasimama, akaniwekea mkono begani. Mkono wa moto, mzito. Akasema, nimemaliza dada, usiwe na wasiwasi. Akaenda zake koridoni, hakugeuka nyuma.

Usiwe na wasiwasi! Amewaambia nini? Amejitwika kosa lote aondoke kwa amani? Huyu angeweza, ana moyo huo. Au amewaambia aliyoyaona, mimi na kigoda changu, na ule mkono ni wa kunizika? Kama amejitwika, nikisema sasa namfanya mwongo mbele ya kamati. Kama amenisema, nikisema sasa nitaonekana nimekamatwa, si nimekiri. Alikuwa na uso gani? Mbona sikuutazama uso? Nilitazama mkono!

Bosi amechungulia. Ananiita, na faili. Nimemwambia dakika moja, namalizia kuandika. Anasubiri, ameshikilia mlango. Kule mwisho wa korido namwona Kimya anahangaika na kitasa cha mlango wa nje, ule unaokwama. Bado yuko. Nikiita atasikia.

Na mimi, Mungu anione, kitu ninachotaka kumwuliza si kama ana mama. Ni: kasema nini mle ndani.